Shajara ya Mradi: Kuifufua Cessna 182A ya Mwaka 1958 Iliyokuwa Ikibeba Warukaji wa Miavuli

Februari, mwanzoni mwa mwezi

Ndege imeingia hangani leo ikiwa juu ya trela, mabawa yamefunguliwa na kulazwa ubavuni, mkia umefunikwa kwa turubai. Ni Cessna 182A ya mwaka 1958, iliyoundwa katika mji huu huu wa Wichita, Kansas, ambako ninafanya kazi ya ufundi wa ndege. Mwenyewe ameagiza irudishwe kama ilivyotoka kiwandani, yaani viti vinne, milango miwili ya kawaida, rangi ya zamani, na irudi hewani. Shajara hii naiandika kwa Kiswahili kwa sababu mafundi vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wanaoshughulika kila siku na ndege za ukoo huu, hasa Cessna 206, huniuliza mara kwa mara ndege iliyofanya kazi ya kuangusha warukaji huchakaa wapi. Jibu refu litakuwa humu.

Kwanza, asili yake. Cessna 182 iliingia sokoni mwaka 1956, nayo kwa kweli ilikuwa Cessna 180 iliyohamishiwa gurudumu la nyuma likawekwa puani. Injini ni Continental O-470-L yenye silinda sita na nguvu za farasi 230. Mwaka 1959 Jacques-André Istel na Lew Sanborn walifungua kituo cha kwanza cha kibiashara cha mchezo wa miavuli nchini Marekani, katika mji wa Orange, Massachusetts, na baada ya hapo vilabu vikaanza kuchipuka katika miji midogo yenye kiwanja cha majani na hanga la mabati. Klabu ya namna hiyo haikuwa na uwezo wa kuendesha ndege kubwa, lakini 182 kuukuu iliweza kuinunua. Ukitoa viti vyote isipokuwa cha rubani, warukaji wanne huketi sakafuni. Bawa liko juu, kwa hiyo halizuii mtu kutoka. Na ile nguzo inayoshikilia bawa kutoka chini humpa mrukaji mahali pa kushika akiwa nje.

Vituo vilivyokua vilinunua ndege kubwa zaidi, nazo pia zilikuwa za zamani: Beech 18, iliyoruka mara ya kwanza Januari 1937, na DC-3, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935. Baadaye zikaja za injini za tabo (turbine), kama Twin Otter na Caravan, na hizo zikazifukuza kongwe zote, kwa sababu 182 iliyojaa watu huchukua karibu nusu saa kufika futi 10,000, wakati Caravan hufika juu zaidi kwa muda mfupi kuliko huo ikiwa na watu mara tatu.

Februari, mwishoni mwa mwezi

Kazi ya majuma haya imekuwa kusoma. Madaftari ya ndege yamekuja yote, jambo ambalo si la kawaida kwa ndege ya umri huu, na nimeyasoma kabla ya kugusa spana. Miaka ya mwanzo ni ya familia: saa chache kwa mwaka, ukaguzi wa mwaka, mafuta ya injini, basi. Kisha inatokea Fomu 337, ambayo ndiyo karatasi ya mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ya kuandikisha mabadiliko makubwa, ikieleza kuondolewa kwa viti na kuwekwa kwa mlango wa kulia unaofunguka angani. Kuanzia ukurasa ule mwandiko unabadilika, tarehe zinasongamana, na ukaguzi wa kila saa 100 unafuatana karibu karibu wakati wa kiangazi, halafu kimya kirefu cha majira ya baridi.

Saa peke yake hazielezi lolote kuhusu ndege ya namna hii. Rubani wa familia akiruka saa mbili huenda ametua mara moja. Rubani wa warukaji akiruka saa hizo hizo ametua mara kadhaa, kila mara akiwa ameipandisha injini kwa nguvu kamili na kuishusha kwa haraka ili awahi kundi linalosubiri. Kwa hiyo ninapotazama jumla ya saa za ndege hii, naisoma kama ndege yenye umri mara mbili kwa upande wa magurudumu, breki na ule ukuta wa bati unaotenganisha injini na chumba cha rubani, ambao ndiyo pigo la pua hufikia. Ukuta huo kwenye 182 hujikunja mtu akitua kwa pua. Wa ndege hii ulibadilishwa zamani, na riveti zake zimepigwa vizuri. Fundi yule, awe nani, alikuwa na mkono.

Machi

Tumefungua sakafu. Zulia lilikuwa limegandishwa kwa gundi moja kwa moja juu ya bati, na kulitoa kumekuwa kazi ya subira, kwa kipande cha plastiki ngumu na si kwa patasi, maana kila mkwaruzo kwenye alumini ni mwanzo wa kutu nyeupe.

Chini ya sakafu tulikuta majani makavu, mchanga, pini moja ya kufungia mkoba wa mwavuli, na raba bendi nyingi kupita kiasi. Asiyejua mchezo huu atashangaa raba bendi zinatafuta nini ndani ya ndege. Kamba za mwavuli hukunjwa kwa mafungu, na kila fungu hubanwa kwa raba bendi ili mwavuli ukifunguka kamba zitoke kwa mpangilio. Raba hizo hukatika kila mara, hudondoka kwenye nguo na kwenye mikoba, na hatimaye hupenya kwenye nyufa za sakafu. Nyingine zilikuwa bado laini. Nyingine zilikuwa zimeyeyuka kwa joto la miaka mingi, zikajibandika juu ya bati kama nta nyeusi, na kila tulipoikwangua moja tulikuta chini yake kidoa cha kutu chenye umbo lile lile la duara. Mbili zilikuwa zimejisokota kwenye ekseli ya kapi linalopitisha waya wa usukani wa mkia. Kapi lilikuwa halizunguki tena. Waya ulikuwa unateleza juu yake na kulichimba mfereji. Makapi yote ya chini ya sakafu yamebadilishwa, na waya mmoja pia, kwa kuwa nyuzi zake zilianza kukatika pale pale ulipokuwa unasuguana.

Kijana ninayemfundisha kazi aliuliza kama ukaguzi wa kila saa 100 haukupaswa kuliona jambo hili. Ulipaswa. Lakini vifuniko vya ukaguzi vilikuwa chini ya zulia lililogandishwa, na mwenye kukagua akiwa na warukaji wanne wanaomsubiri nje Jumamosi asubuhi, zulia lile hupata heshima isiyostahili.

Reli za kiti cha rubani zimeshindwa kipimo. Hili kila fundi wa Cessna analijua, na agizo la FAA la mwaka 1987 juu ya reli hizo, lililorekebishwa mwaka 2011, limekwishaifundisha dunia nzima: tundu ambamo pini ya kiti huingia hulika na kuwa la mviringo mrefu, pini huchomoka ndege inapopanda, kiti huteleza nyuma pamoja na rubani, naye kwa silika huvuta usukani alioushika, na pua ya ndege huelekea angani. Katika ndege ya warukaji hatari huwa kubwa zaidi, kwa sababu nyuma ya kiti hicho hakuna kiti kingine cha kukizuia, ila mtu aliyeketi na mwavuli wake. Reli mbili mpya zimefungwa.

Karibu na mlango tumekuta pete ya chuma iliyofungwa kwa bolti iliyopita hadi kwenye mbavu za sakafu. Hapo ndipo zilipokuwa zikifungwa kamba za wanafunzi. Mwanafunzi wa zamani hakufungua mwavuli mwenyewe. Kamba iliyofungwa ndani ya ndege iliuvuta mwavuli wake alipoachia. Pete hii imeachwa kwa sasa, na sababu nitaieleza nikifika kwenye suala la mlango.

Aprili

Huu ni mwezi wa mlango, na mlango ndio uliotuletea mjadala.

Mlango wa kawaida wa 182 una bawaba mbele, kwa hiyo angani hewa huusukuma ujifunge. Uliowekwa kwenye ndege hii una bawaba juu, sambamba na ukingo wa chini wa bawa. Ukifunguliwa angani, upepo huunyanyua na kuushikilia chini ya bawa mpaka rubani apunguze mwendo au akanyage usukani wa mkia ili ndege iende ubavu na mlango ushuke ushikwe. Ni wa bati jepesi lenye kioo kikubwa cha plastiki, na komeo lake ni rahisi kiasi kwamba mtu aliyevaa glavu nene anaweza kulifungua bila kulitazama. Nimeutoa, nimeulaza mezani, na nimekaa nao muda mrefu. Bawaba zimebadilishwa zaidi ya mara moja, komeo limechongwa upya kwa mkono, na upande wa ndani, mahali pa kuegemea bega la mtu aliyeketi mwisho, rangi imesuguliwa hadi alumini inang'aa.

Juu ya gurudumu la kulia kuna kikanyagio cha chuma. Mambo yalivyokuwa yakienda ni hivi: rubani alipunguza moto na kushusha kidogo flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoiwezesha ndege kwenda polepole, kwa ule mpini mrefu ulioko kati ya viti, maana 182 za mwanzo hazikuwa na flapu za umeme, akashika breki ili gurudumu lisizunguke chini ya mguu wa mtu, mrukaji akatoa mguu akakanyaga kikanyagio, akashika nguzo ya bawa kwa mikono miwili, akatoka mzima mzima hadi akawa amening'inia nje kwenye upepo, kisha akaachia.

Nguzo yenyewe inasimulia. Kwenye urefu wa kama mikono miwili, katikati yake, hakuna rangi kabisa. Imelika tabaka kwa tabaka, nyeupe ya mwisho, chini yake nyekundu, chini yake rangi ya manjano ya kukinga kutu, na katikati alumini tupu iliyolainishwa na glavu. Nguzo ya kushoto ina rangi kamili. Nimepima unene wa bati la nguzo ya kulia kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, nao haujapungua kwa kiwango cha kutia wasiwasi.

Hapa ndipo nilipomwandikia mwenye ndege. Aliniagiza niurudishe mlango wa kiwandani, na mlango wa 182A unapatikana kwenye yadi za ndege zilizochinjwa, ingawa milango ya enzi ile ilichongwa mmoja mmoja kufuata mwili wake na hautaingia bila kazi. Nilimweleza kwamba naweza, ila kwa maoni yangu itakuwa kosa. Kulingana na madaftari, ndege hii ilikuwa ya familia kwa miaka michache tu, na ya warukaji kwa miongo. Ndege za 182 za mwaka 1958 zilizorudishwa kama mpya zipo, na nyingi zinapendeza. Zilizobaki na mlango wao wa kurukia, kikanyagio chao na pete yao ya wanafunzi ni chache, kwa sababu zikichoka huvunjwa, na zisipovunjwa husafishwa historia yao yote na watu wenye nia njema kama sisi.

Hajajibu.

Mei

Wakati tunasubiri jibu, tumeendelea na miguu. Mguu wa gurudumu kuu wa 182 za zamani ni ubapa mmoja wa chuma cha springi, muundo ambao Cessna iliupata kutoka kwa Steve Wittman, na uzuri wake ni kwamba hauna kitu cha kuharibika, mradi uso wake ubaki laini. Kikanyagio kilifungwa kwenye mguu kwa vibanio, na aliyekifunga alijua kazi, kwa kuwa hakutoboa tundu. Lakini chini ya kibanio maji yaliingia na hayakutoka. Tulipokifungua tulikuta vishimo vya kutu kama vya ndui kwenye upande unaovutika mguu unapojipinda. Kishimo kidogo kwenye chuma cha springi ndicho ufa unapoanzia. Tumesugua, tumekagua kwa sumaku na unga wa chuma, na mstari mwembamba umejitokeza pale pale tulipohofia. Mguu huo hautatumika tena. Mwingine umepatikana, umekaguliwa kwa njia ile ile, na umepakwa rangi pande zote kabla ya kibanio chochote kuugusa.

Mkia umetoa mambo mawili. Kwenye 182 za mwanzo bawa dogo lote la mkia huinuka na kushuka kwa skrubu ili kusawazisha ndege, na rubani wa warukaji alizungusha gurudumu la kusawazisha kutoka mwisho mmoja hadi mwingine katika kila safari. Skrubu zimelegea kupita kipimo na zimepelekwa kutengenezwa. La pili ni kiraka kwenye ukingo wa mbele wa bawa hilo, upande wa kulia. Daftari linasema liligongwa na mlango wa hanga. Huenda ni kweli.

Juni

Mafuta. Katika mabawa ya 182 za zamani mafuta hukaa ndani ya mifuko ya mpira, na mifuko hiyo ikikaa bila kujaa, sehemu ya juu hukauka, hukakamaa na kupasuka. Sasa fikiria ndege ya warukaji: kila kilo ya mafuta isiyohitajika ni kilo inayopunguza kasi ya kupanda, hivyo huwekewa kidogo kidogo, ya safari chache tu, mwaka hadi mwaka. Nusu ya chini ya mifuko ya ndege hii ilikuwa laini, na nusu ya juu ilivunjika mikononi mwetu.

Mifuko mipya imeingizwa kupitia tundu la ukaguzi juu ya bawa, ikiwa imekunjwa na kupashwa joto ili ilegee, na kazi kubwa imekuwa kuitandaza ndani kwa vidole bila kuona. Mkunjo mmoja ukibaki kwenye sakafu ya mfuko huwa bwawa la maji ambalo halifiki kwenye bomba la kumwagia uchafu wakati wa ukaguzi wa asubuhi, ila hufika kwenye injini pua inapoinuka. FAA ilitoa agizo juu ya mikunjo hiyo mwaka 1984. Baada ya kutandaza tulijaza, tukatikisa mabawa, tukamwaga, tukapima kilichobaki.

Nalikazia hili kwa kuwa ndege za warukaji zina kumbukumbu mbaya na mafuta machafu. Tarehe 22 Aprili 1992, huko Perris, California, Twin Otter iliyojaa warukaji ilianguka mara tu baada ya kuondoka, injini moja ikiwa imezimika kwa mafuta yaliyochafuka, na watu 16 walikufa. Mrukaji ana mwavuli mgongoni, lakini katika futi mia chache za kwanza mwavuli huo haumsaidii chochote.

Julai

Injini imefunguliwa. Kipimo cha mgandamizo hufanywa kwa kuingiza hewa ya pauni 80 kwa inchi ya mraba na kusoma kinachobaki. Silinda nne ziko salama, mbili zinavujia kwenye vali za kutolea moshi, na moja kati ya hizo mbili ina ufa unaotoka kwenye tundu la plagi kuelekea kiti cha vali.

Mafundi hubishana sana kama kushuka kwa kasi baada ya warukaji kutoka, injini ikiwa ya moto na hewa ya juu ikiwa baridi, ndiko kunakopasua silinda. Wengine wanasema adui ni joto la kupanda, si baridi ya kushuka. Mimi nimetazama rangi ya vali, zilizoungua upande mmoja tu, na naegemea upande wa joto: nusu saa ya nguvu kamili kwa mwendo mdogo, hewa haba ikipita kwenye mapezi ya silinda, mara nyingi kwa siku moja. Silinda mbili mpya zimeagizwa. Magneto, yaani vifaa vinavyozipa plagi cheche, zimefanyiwa ukarabati, kabureta imesafishwa, mabomba yote ya mpira yametupwa.

Agosti

Jibu limekuja, na halikuwa nilivyotarajia. Mwenye ndege amekubali mlango, kikanyagio na pete vibaki, na nguzo ya kulia isipakwe rangi juu bali ipakwe dawa isiyo na rangi ya kuzuia kutu. Lakini anataka mkewe aweze kupanda naye.

Sheria za Marekani zinamruhusu mtu aliyepanda kwa ajili ya mchezo wa miavuli kutumia sakafu kama kiti, mradi afunge mkanda wakati wa kuondoka na kutua. Asiye mrukaji lazima awe na kiti halisi. Kwa hiyo tumekubaliana kurudisha kiti cha mbele cha kulia, kwenye reli mpya, kinachoweza kutolewa haraka, na komeo la mlango litaongezewa kizuizi cha pili ambacho mtu hawezi kukigusa kwa bahati mbaya na kiwiko. Mikanda minne ya sakafuni inabaki kwenye nafasi zake. Mchoro wa kizuizi umepelekwa kwa mkaguzi mwenye idhini ya kutia sahihi Fomu 337, naye ameurudisha na swali moja la maana: mlango utafunguliwaje kutoka nje ikiwa waliomo ndani hawajiwezi? Nimechora upya.

Septemba

Mabawa yamefungwa, nyaya zimekazwa kwa kipimo, bawa la mkia linasogea bila kulegalega. Injini imewashwa nje ya hanga kwa mara ya kwanza, imeshika baada ya mzunguko wa pili wa propela, na shinikizo la mafuta ya injini limepanda mara moja. Kuna uvujaji mdogo kwenye kifuniko cha silinda namba tatu, ambao gasketi mpya itaumaliza.

Mchoro wa pili wa kizuizi umekubaliwa. Kinachobaki ni kukitengeneza na kukifunga, kupima uzito wa ndege juu ya mizani tatu, mara moja kiti cha kulia kikiwemo na mara moja kikiwa kimetolewa, kwa sababu kila hali itahitaji karatasi yake ya uzito na mizania, kisha ukaguzi wa mwaka. Rangi ya mwili itasubiri hadi baada ya safari ya majaribio. Sitaki kupaka kitu ambacho huenda tukalazimika kukifungua tena.